144Hz kwenye mashine ya mtumba: mnaona tofauti kweli, au ni macho ya pesa?

#1 Kijana_Section58 (Nakuru)

Wadau, salamu. Kila uzi wa gemu hapa mtu huambiwa "nunua monita ya 144Hz (inayobadilisha picha mara 144 kwa sekunde), hutatamani tena 60". Nimenunua. Sioni kitu.

Mashine yangu ni desktopu ya ofisi, mtumba wa Uingereza: prosesa i5-4590, RAM (kumbukumbu ya kazi) 8GB, diski ya kawaida ya 500GB. Nikaiwekea kadi ya grafiki, GTX 1650 ya 4GB, ile isiyotaka waya wa ziada wa umeme. Monita ni inchi 24, paneli ya aina ya IPS, mtumba pia lakini safi. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshikilia TV ya sebuleni ya inchi 32. Nacheza EA FC (ya mpira), GTA V (ya magari na mji), na CS2 (ya risasi) majamaa wakiwa hewani.

Dai langu ni hili: kwa sisi wa mashine za elfu kumi na kitu, 144Hz ni mapambo. TV ilitosha, tena ni kubwa. Na kuna jambo la pili linaloniudhi zaidi. Mchezo uko vizuri, halafu ghafla picha inaganda kidogo na kuruka mbele. Kwenye TV sikuwa naona hivyo, kwa hivyo naishuku monita. Nibishieni.

#2 Fundi_Kondele (Kisumu)

Maswali mawili kabla ya siasa. Uliingia kwenye mipangilio ya skrini ukabadilisha Hz? Windows mara nyingi huacha 60 mpaka uibadilishe mwenyewe. Na kebo umechomeka kwenye kadi ya grafiki au kwenye mazabodi (bodi kuu ya mashine)?

#3 Buda_Pipeline (Nakuru)

Akisema mazabodi nafunga simu nalala.

#4 Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Mulembe nyote. Tuanze na hesabu ndipo tubishane vizuri. Skrini ya 60Hz hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7. Ya 144Hz hubadilisha kila baada ya 6.9. Tofauti ipo, na mkono wenye mausi huihisi kabla ya jicho. Lakini monita haitengenezi picha, inaonyesha inazoletewa. Kadi ikitoa fremu (yaani picha) 50 kwa sekunde, utaona hizo hizo 50 hata ukinunua skrini ya 240Hz. Kwa hiyo Kijana hajatuambia jambo kubwa: mashine yake inatoa fremu ngapi, na je, zinatoka kwa mpangilio au kwa mafungu?

Wastani pekee hautoshi. Mashine inaweza kusoma fremu 90 huku mara moja moja fremu ikichukua milisekunde 100, na hapo ndipo unaona kuganda. Weka programu za MSI Afterburner na RivaTuner, washa mchoro wa muda wa kila fremu. Mstari ukiwa laini, tafuta kosa kwingine. Ukiwa na miiba, mashine ndiyo mgonjwa.

#5 Baba_Pacha_Lanet (Nakuru)

Mimi namuunga mkono Kijana. Nacheza kwenye TV ya inchi 43 miaka na mikaka, nimeweka modi ya gemu, na hakuna mtu amewahi kunifunga akasema nilichelewa. Nyinyi wa 144 mnapenda kuhesabu tu.

#6 Buda_Pipeline

@Baba_Pacha_Lanet mzee unacheza na pacha wako wa darasa la tatu, nani angekufunga?

#7 Akinyi_Picha (Kisumu)

Mimi kazi yangu ni kuhariri video, gemu ni ya wikendi, kwa hivyo TV na monita nimezitazama kwa jicho la kulipwa.

TV si mbaya. Shida ni kwamba haikupi picha jinsi ilivyoipokea. Inalainisha mwendo, inaongeza rangi, inanoa kingo, na kila kazi hiyo inachukua muda. Modi ya gemu huzima sehemu kubwa ya hayo, kwa hilo Baba Pacha yuko sawa. Lakini TV nyingi pia hupunguza taarifa za rangi, ndiyo sababu maandishi madogo mekundu kwenye mandhari meusi huonekana kama yameloa. Na msiamini namba kubwa kwenye boksi. Kuna TV za 60Hz zinazouzwa na neno la "mwendo 120" au zaidi kwa sababu ya kulainisha huko.

Sasa @Kijana_Section58, nakuuliza: kwenye TV ulikuwa umezima kulainisha mwendo? Kama hukuzima, TV ilikuwa inabuni picha za katikati na kukufichia mikwamo midogo. Monita haifichi. Labda mikwamo ilikuwepo tangu zamani.

#8 Fundi_Kondele

Akinyi, mikwamo midogo naweza kukubali. Lakini picha ikiganda hadi mtu aone kwa macho kisha iruke, hakuna TV ya kuficha hiyo.

#9 Akinyi_Picha

"Kidogo" ya Kijana ni ndefu kiasi gani? Hajasema. Tusubiri.

#10 Kijana_Section58

Asanteni. Majibu kwa mpigo:

Kebo iko kwenye kadi, Buda unaweza kuendelea kuwa macho. Hz ilikuwa 60, nimeweka 144, na mshale wa mausi sasa unateleza hadi raha. Hapo nawapa nusu ya hoja. Kwenye FC yenyewe tofauti naiona nikikimbia na winga, si sana.

Kuganda bado kupo. Nimewasha mchoro wa Mwalimu: mstari una miiba. Prosesa inacheza kati ya asilimia 95 na 100, kadi ya grafiki iko 60 na kitu. RAM ni kijiti kimoja cha 8GB. TV sikuwahi kugusa mipangilio yake, ni ya mama.

#11 Fundi_Kondele

Kijiti kimoja! Hapo ndipo mchawi alipo. RAM yako ni ya aina ya DDR3-1600. Kijiti kimoja hupitisha GB 12.8 kwa sekunde, viwili vikikaa kwenye sloti sahihi vinapitisha 25.6. Prosesa inakaa ikingojea data, ndiyo sababu inasoma 100 na haifanyi kazi. Tafuta kijiti kingine cha 8GB chenye kasi ileile, angalia rangi za sloti au kitabu cha mazabodi. Vijiti vya DDR3 hivi vimejaa kwa mafundi wa laptopu na desktopu, wengine watakuuzia kwa bei ya nauli. Ila hakikisha ni vile virefu vya desktopu.

#12 Mwalimu_Lurambi

Fundi, nakupinga nusu. Kijiti cha pili kitasaidia, lakini prosesa yenyewe imechoka kwa mchezo huu. i5-4590 ina viini vinne na nyuzi nne (kazi nne kwa mpigo), basi. EA kwenye FC 24 waliandika i5-6600K kuwa kiwango cha chini kabisa na i7-6700 kuwa kinachopendekezwa. Huyu yuko chini ya chini. Kadi kusoma 60 huku prosesa ikisoma 100 maana yake kadi inamngoja mkubwa wake.

Soketi (tundu la prosesa) ya mashine yake ni LGA1150. Humo zinaingia i7-4770 na i7-4790, zote viini vinne nyuzi nane. Xeon E3-1231 v3 nayo ni kama ndugu yao na mara nyingi ni nafuu, ila haina grafiki ya ndani, kwa hiyo kadi ikifa huna picha. Kabla ya kununua, thibitisha kwamba BIOS (programu ya kuwashia mashine) yako inaikubali. Mashine za ofisi zina roho ngumu.

#13 Buda_Pipeline

Nyote mmeruka kitu kimoja. Diski ya kawaida! GTA V inavuta barabara na majengo kutoka diskini ukiwa kwa gari. Ukikimbiza gari, diski inapiga tik tik tik, picha inaganda. Mimi nilihamisha gemu kwa SSD ya SATA (diski ya kasi isiyozunguka) na mambo yakanyooka, i5 ileile, kijiti kilekile. SSD ya 256GB kwanza, hadithi za Xeon baadaye.

#14 Mwalimu_Lurambi

GTA V inatosha humo. FC inataka 100GB peke yake. Ataweka moja na kufuta nyingine kila Ijumaa?

#15 Kipkemboi_wa_Juu (Eldoret)

Ninyi wa mabondeni hamfikirii hewa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, sisi Eldoret karibu 2,100. Hewa ya huku ni nyepesi. Ikilinganishwa na Mombasa, Nakuru inapungukiwa na uzito wa hewa kwa asilimia 15 hadi 20, na feni hupoza kwa hewa. Desktopu ya ofisi ina feni moja mbele na pesti ya kupitisha joto la prosesa iliyokauka tangu kiwandani. Joto linapanda, prosesa inajipunguzia kasi, unaona kuganda, inapoa, inarudi. Huo mtindo wa "vizuri, kisha ganda, kisha vizuri" ni wa joto kabisa. Badilisha pesti, toa vumbi, ongeza feni ya nyuma.

#16 Fundi_Kondele

Hewa ni nyepesi lakini pia ni baridi, ndugu. Njoo Kisumu mita 1,130, joto 32 saa nane mchana, uone mashine ikilia. Kama ni mwinuko, sisi tungekuwa tunacheza barafuni.

#17 Akinyi_Picha

Na sisi tuna wale wadudu wa ziwa. Wakija kwa mawingu jioni wanafuata mwanga wa skrini, wanaingia kwenye feni, wanakufa humo na kugeuka unga mzito unaoshikana na vumbi. Nilifungua kasha langu nikakuta radieta imezibwa kabisa. Sasa kila mwenye mashine karibu na ziwa namwambia aweke kichujio cha wavu mbele ya feni, na taa ya chumba izimwe skrini ikiwa dirishani.

#18 Buda_Pipeline

Kisumu hata wadudu wanakuja kuangalia mechi ya Gor.

#19 Fundi_Kondele

Sisi tumekuwa jiji tangu 2001. Nyinyi wa Nakuru mmepewa 2021 na bado mnashika monita kwa mara ya kwanza.

#20 Mzee_wa_Naka (Nakuru)

Vijana, nimefuata mazungumzo kimya. Nataka kuuliza jambo moja: je, stima ya huko Section 58 imetulia? Kwetu ikifika jioni, jirani akiwasha shawa ya umeme, taa hufifia mpaka uone waya wa balbu. Vyombo vyenye kompyuta ndani havipendi hali hiyo.

#21 Ziwa_Kusini (Mwanza)

Shikamoo mzee. Wakuu, naungana na mzee kutoka ng'ambo ya ziwa. Umeme ukishuka, pawasaplai (kifaa cha kugawa umeme ndani ya mashine) dhaifu inahangaika. Hizi za ofisi zina wati 240 au 255 kwenye zile nyembamba, na nyingi zimefanya kazi miaka zaidi ya umri wa ndoa yangu. Kadi ikivuta ghafla, volti inayumba, kadi inapunguza kasi. Mkuu anunue UPS, ile betri ya akiba.

#22 Fundi_Kondele

Marahaba kwa niaba ya mzee. Lakini hapana. GTX 1650 isiyo na waya inavuta wati 75 mwisho, kwa sababu hicho ndicho kiwango cha juu cha sloti yenyewe. Pawasaplai ikishindwa huoni kuganda na kuendelea, unaona giza, mashine inajizima au inajiwasha upya. Nimezika nyingi, hakuna iliyokufa kwa kukwamakwama.

Na UPS msimshauri hovyo. Zile za bei ya chini hutoa umeme wenye mawimbi ya ngazingazi wakati wa kutumia betri, na pawasaplai nyingine za kisasa zikikutana nao hujizima papo hapo. Utakuwa umenunua UPS ya kukuzimia mashine stima ikipotea.

#23 Ziwa_Kusini

Mkuu umezika za volti kushuka kabisa. Kuyumba kidogo kidogo kwa jioni nzima ni jambo jingine. Sibishani zaidi.

#24 Duka_la_Busia (Busia)

Hamjaniuliza lakini nasema. Kadi ni halisi? Kuna kadi za zamani kama GTX 550 Ti zimebadilishwa jina ndani ya BIOS zikasoma 1050 Ti au kitu kingine cha maana. Shusha GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ni bure. Tangu 2018 inaandika neno la kukuonya ikitambua bandia. Na mkinunua kadi ya RX 580, tazameni kama imeandikwa 2048SP. Hiyo si 580 kamili. Kamili ina viini 2304, ile ya 2048 ni 570 iliyovaa shati la kaka yake.

Mimi niliwahi kuuziwa moja na jamaa wa mtandaoni, tukakutana stendi ya matatu. Alikuwa na haraka sana ya kuondoka.

#25 Kijana_Section58

Nimeshusha GPU-Z. Hakuna onyo, inasoma 1650 yenye kumbukumbu ya GDDR5. Lakini nimeona kitu: kwenye mstari wa sloti inasema x16 3.0 halafu @ x16 1.1. Hii 1.1 si ndiyo shida? Kadi inapumua kwa mrija?

#26 Baba_Pacha_Lanet

Hiyo hapo! Rudisha kadi kwa aliyekuuzia.

#27 Mwalimu_Lurambi

Asirudishe chochote. Kadi ikiwa haina kazi hushusha kasi ya njia ili kuokoa umeme. Kuna alama ya kuuliza pembeni ya mstari huo kwenye GPU-Z, ibonyeze ianzishe jaribio dogo, utaona 1.1 ikipanda kuwa 3.0. Ikipanda, hakuna tatizo hapo.

#28 Kijana_Section58

Imepanda 3.0. Asante Mwalimu. Baba Pacha, pole.

#29 Akinyi_Picha

Wakati mnabishana kuhusu injini, acheni nimsaidie na skrini, maana kuna mambo anaweza kufanya leo bila shilingi.

Moja, atumie kebo ya DisplayPort badala ya HDMI kama monita na kadi zote zinayo. Monita nyingi za mtumba hukubali 144Hz kwa DisplayPort lakini kwa HDMI zinabaki 120 au chini. Pia ni njia ya uhakika ya kuwasha ulinganishaji wa skrini na kadi. AMD waliita FreeSync. NVIDIA walikuwa wabishi na G-Sync yao hadi Januari 2019, draiva mpya ikaruhusu kadi za GTX 10 na za baadaye kutumia monita za FreeSync. 1650 iko ndani. Monita basi inangoja fremu badala ya kufuata saa yake, na mkwamo mdogo unapungua machoni.

Nyingine: aweke kikomo cha fremu. Prosesa ikiwa inalia, kuiacha ikimbie bila kikomo ni kuitesa. Kwa RivaTuner aweke 72, ambayo ni nusu kamili ya 144, kila fremu ikae mizunguko miwili ya skrini. 72 iliyotulia inapendeza kuliko 110 inayodondoka 40 kila ukipiga kona.

Na kwenye menyu ya monita, ile ya kuharakisha pikseli isiwekwe ya juu kabisa. Ya juu kabisa huacha kivuli cheupe nyuma ya mpira. Ya katikati inatosha kwa IPS nyingi. Wenye paneli za VA mtaona kinyume chake, vitu vyeusi vinaburuza uchafu kwenye giza, na hilo halitoki kwa mpangilio wowote.

#30 Buda_Pipeline

Dada umeandika kuliko mwalimu. Lakini 72 kwa monita ya 144? Si basi Kijana alikuwa sawa kwa dai lake la kwanza? Kumnunulia bodaboda spidomita ya ndege.

#31 Akinyi_Picha

FC na GTA ni 72. CS2 anaweza kufika juu zaidi akishusha ubora wa picha, na pale ndipo 144 inalipa. Monita itaishi na mashine tatu zijazo. Kadi na prosesa utabadilisha, skrini inabaki. Mimi ningeanza na skrini kila wakati.

#32 Fundi_Kondele

Mimi ningeanza na RAM. Lakini sikupingi kwa ukali.

#33 Jioni_Mamboleo (Kisumu)

Nimesoma uzi wote na hakuna aliyesema jambo la wazi. Kijana ameandika "inaganda kidogo na kuruka mbele". KURUKA MBELE. Mashine ikichelewa kuchora, mchezo wa nje ya mtandao unaendelea polepole au unakatika. Ukiona mtu ameruka kutoka hapa hadi pale, hiyo ni intaneti! Valve, wenye CS2, wana seva Johannesburg, na trafiki ya kwetu wakati mwingine inazunguka Ulaya kabla ya kushuka kusini. Mnakumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika? Wote tulikuwa tunaruka mbele siku hizo, hata wenye mashine za laki mbili. Acheze FC nje ya mtandao, kazi ya ukocha tu, aone.

#34 Mwalimu_Lurambi

Hoja nzuri, ila mchoro wake una miiba. Intaneti haichomi miiba kwenye muda wa fremu.

#35 Jioni_Mamboleo

Miiba inaweza kuwa ya jambo moja na kuruka kukawa kwa jambo lingine. Magonjwa mawili yanaweza kulala kitanda kimoja.

#36 Kijana_Section58

Wadau, nimerudi na matokeo. Nimepata kijiti cha pili cha 8GB kwa rafiki mwenye saiba, sasa ni 16 kwenye sloti za rangi moja. Nimetumia DisplayPort, FreeSync iko juu, kikomo 72.

FC: imetulia sana. Miiba michache. Nje ya mtandao karibu haipo, mtandaoni ipo.
GTA V: mjini nikitembea sawa. Nikipanda gari nikaingia barabara kuu, inaganda kama zamani.
Jambo la ajabu: asubuhi yote ni afadhali. Kuanzia saa moja jioni mpaka saa nne hivi, mambo yanaharibika, hata kwenye FC.

#37 Fundi_Kondele

RAM. Nilisema.

#38 Buda_Pipeline

Gari likikimbia inaganda. DISKI. Nilisema.

#39 Jioni_Mamboleo

Mtandaoni ipo, nje haipo, jioni mbaya wakati kila nyumba inatazama video. Nilisema.

#40 Ziwa_Kusini

Saa moja jioni hadi saa nne. Muda wa kupika na kuoga. Mzee alisema.

#41 Kipkemboi_wa_Juu

Jioni amekuwa akicheza tangu mchana, kasha limejaa joto, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi ya Nakuru. Joto.

#42 Mwalimu_Lurambi

Mmesahau kwamba prosesa haijabadilishwa. Kikomo cha 72 kimeipumzisha, si kuiponya. Toa kikomo uone.

Kijana, rekodi vitu vitatu jioni moja: joto la prosesa, kasi yake kwa GHz, na mchoro wa fremu. i5-4590 inatakiwa kukaa 3.3 na kupanda hadi 3.7. Ikiwa inaganda huku kasi imebaki palepale, Kipkemboi anyamaze. Ikishuka, tumnunulie chai.

#43 Kipkemboi_wa_Juu

Chai ya maziwa, si ya rangi.

#44 Mama_Gemu_Kiamunyi (Nakuru)

Wanangu, mimi ni mzazi. Kijana wangu wa chuo ana mashine kama hii na nilikuwa nadhani inakula tokeni zote za stima. Kuna mtu anaweza kunisaidia hesabu?

#45 Fundi_Kondele

Shikamoo mama. Mashine ya aina hii ikicheza inavuta wati 150 hivi pamoja na monita ndogo. Akicheza kwa saa nne ni uniti 0.6. Shawa ya umeme ya wati 5,000 inakula hiyo kwa dakika saba. Mwache acheze, mpunguzie kuoga.

#46 Mama_Gemu_Kiamunyi

Marahaba. Haya, nimecheka. Asante mwanangu.

#47 Baba_Pacha_Lanet

Windows je? Watu wa 10 wameachwa tangu tarehe 14 Oktoba 2025, hakuna masasisho ya bure ya usalama kama zamani. Na 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Kijana ana ya kizazi cha 4. Labda jioni Windows inafanya kazi zake za nyuma, inachunguza diski, ndiyo maana diski ya kawaida inalia. Mimi nilizima uorodheshaji wa faili, mashine ikapumua.

#48 Buda_Pipeline

Baba Pacha leo umesema kitu. Na kinarudi palepale kwa diski.

#49 Duka_la_Busia

Wenye ndoto za Valorant kwenye 11 waangalie pia, inadai TPM 2.0 na Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka). Kulazimisha 11 kwenye mashine ya zamani kutawasha Windows, lakini gemu hilo halitafunguka.

#50 Kijana_Section58

SSD nitanunua mwisho wa mwezi, ya 480. Pesti nabadilisha Jumamosi. Xeon inangoja. Monita sirudishi, mama amechukua TV yake na ameficha rimoti.

#51 Omwana_wa_Chwele (Bungoma)

Habari zenu. Samahani kwa kuingilia. Mimi nina desktopu ile nyembamba ya kulala, prosesa i5-6500, kasha ni dogo. Kuna jamaa anauza kadi ya RX 6400 fupi, kuna mwingine ana RTX 3050 ya 6GB fupi lakini bei imepanda. Nichukue ipi? Nataka pia kurekodi mechi nikaweke mtandaoni.

#52 Akinyi_Picha

Kama ni kurekodi, achana na RX 6400. Haina kifaa cha ndani cha kusimba (kufinya) video inaporekodiwa, kwa hivyo prosesa yako ndiyo itabeba mzigo, na i5-6500 ina nyuzi nne tu.

#53 Fundi_Kondele

Tena 6400 inatumia njia nne tu za PCIe, zile za data kati ya kadi na mazabodi. Iliundwa kwa 4.0. Mashine yako ni 3.0, njia hizo nne zinapitisha nusu, na kwenye gemu nzito utaisikia. 3050 ya 6GB inavuta wati 70, sloti inaibeba bila waya. Kabla hujatuma pesa pima urefu kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye kizimba cha diski, angalia kama kadi inachukua sloti moja au mbili, na uhakikishe inakuja na bamba fupi la nyuma. Wauzaji hupenda kusahau hilo bamba. Piga picha ya ndani uweke hapa.

#54 Omwana_wa_Chwele

Asante sana wakubwa. Nafungua kasha kesho, picha zinakuja.